Watalii wa kwanza wa Ishango wawe Wakongomani wenyewe

Pale maji ya ziwa Edouard yanapotoka na kuwa mto Semliki, katika wilaya ya Beni, jimbo la Kivu Kaskazini, kuna mahali panapoitwa Ishango. Vitabu vya historia ya hesabu vinavyosomwa Ulaya na Marekani vinalitaja jina hilo mapema, kabla ya Misri na kabla ya Wagiriki. Lakini mwanafunzi wa Butembo anayejitayarisha kwa mtihani wa taifa, ambaye nyumba yao haiko hata mwendo wa siku moja kutoka pale, mara nyingi hajalisikia darasani. Akilisikia, ni kwenye redio: wavuvi wamekamatwa na wanajeshi wa Uganda, walinzi wa mbuga wameshambuliwa, mitumbwi imechukuliwa.

Kila mara habari ya utalii inapozungumzwa Kivu, viongozi wanarudilia neno moja: amani ikirudi, watalii nao watarudi. Na kila mtu anajua mtalii anayesemwa ni nani. Ni mzungu mwenye kofia na mashine ya kupiga picha, anayelipa kwa dola. Mkongomani hayumo katika hesabu hiyo, isipokuwa awe mlinzi, mpishi, dereva ama mbeba mizigo.

Kosa liko hapo. Eneo lenye wanyama, hoteli na historia ya kale haliwezi kusimama juu ya mgeni wa mbali peke yake, na Virunga imelionyesha jambo hilo zaidi ya mara moja. Mtalii wa kwanza wa Ishango angepaswa kuwa mtoto wa Kyavinyonge, wa Kasindi, wa Beni, wa Butembo. Mzungu akija baadaye, karibu.

Anayefika Ishango anaona nini? Kwanza maji. Ziwa ni pana, na ng'ambo yake ni Uganda. Mto unatoka taratibu, unapita kati ya kingo za udongo, unaelekea kaskazini chini ya milima ya Ruwenzori hadi ziwa Albert, na kutoka huko maji yake yanaingia Nili. Maji ambayo mama wa Kyavinyonge anaoshea masufuria asubuhi yako katika safari ya kwenda Misri. Mstari wa ikweta hauko mbali, ni kidogo tu upande wa kaskazini. Mchana viboko wanalala majini, usiku wanapanda kula majani. Katika vijiji vya wavuvi, Kyavinyonge na Vitshumbi, kiboko anapita kati ya nyumba kama mbuzi, na wakaaji wamezoea kumpisha njia. Tembo wanashuka kunywa. Mwaka wa 2020 mamia ya tembo walitoka mbuga ya Queen Elizabeth ya Uganda wakaingia Virunga. Tembo haombwi jeton mpakani.

Viboko hawa wanastahili neno zaidi. Katikati ya miaka ya 1970 walihesabiwa zaidi ya 25,000 katika Virunga, na hakuna mahali pengine Afrika palipokuwa na kundi kubwa kama hilo. Mwaka wa 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Waliuawa kwa ajili ya nyama na meno, na vikundi vya silaha, na wanajeshi wasiolipwa, na yeyote mwenye bunduki na njaa. Wavuvi walikuwa wa kwanza kuona matokeo yake, ingawa hawakuelezwa na mtu. Mavi ya kiboko yanalisha vijidudu vya majini, vijidudu vinalisha samaki. Kiboko akipungua, tilapia naye anapungua, na nyavu zinarudi nyepesi. Ndiyo maana mtu anayesema wanyama ni mambo ya wazungu, na samaki ni mambo ya raia, hajalijua ziwa. Aprili 2025, mwezi uleule mbuga ilipotimiza miaka 100, viboko wasiopungua 50 walikufa kwa ugonjwa wa kimeta upande wa kusini wa ziwa. Habari hiyo ilipita haraka. Goma ilikuwa imeshatekwa miezi michache kabla, na watu walikuwa na maiti zao wenyewe za kulilia.

Lakini wanyama wako pia Uganda, Kenya na Tanzania. Kitu ambacho Ishango inacho, na Serengeti haina, kiko chini ya udongo.

Mwaka wa 1950 mtaalamu wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin de Braucourt, alikuwa akichimba kando ya mto pale Ishango. Kati ya mifupa ya samaki, mawe yaliyochongwa na vifaa vya watu wa kale, alipata mfupa mdogo wenye urefu wa karibu sentimeta 10, sawa na penseli iliyokwisha kutumika nusu. Ni mfupa wa mnyama. Kwenye ncha yake kumepachikwa kipande cha jiwe gumu la kwarzi, kama kalamu, ama kama kisu cha kuchorea. Na ubavuni kuna chale, zimekatwa kwa mpango, zimepangwa katika safu tatu. Mwanzoni ilidhaniwa una miaka elfu chache tu. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba una miaka karibu 20,000.

Mwalimu yeyote anaweza kuandika safu zile ubaoni. Safu moja ina mafungu ya chale 11, 13, 17 na 19. Ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Ukijumlisha safu ya kwanza unapata 60. Ukijumlisha ya pili unapata 60 tena. Safu ya tatu ina 3 na 6, kisha 4 na 8, kisha 10 na 5, halafu 5 na 7, jumla 48. Tatu na mara mbili yake, nne na mara mbili yake, kumi na nusu yake. Namba za safu ya kwanza zote ni zile zisizogawanyika isipokuwa kwa moja na kwa zenyewe. Za safu ya pili zinazunguka 10 na 20: kumi ukiongeza moja, ishirini ukiongeza moja, ishirini ukitoa moja, kumi ukitoa moja.

Je, aliyekata chale hizo alikuwa akifanya hesabu? De Heinzelin aliona hivyo. Mwamerika Alexander Marshack aliona kalenda ya mwezi, mtu anayehesabu usiku hadi usiku. Wengine wanasema ni alama za kushikia mfupa usiteleze mkononi, na namba zile ni bahati tu. Ubishi haujaisha, na hiyo ndiyo sababu nzuri ya kuupeleka darasani. Mtoto wa darasa la sita anaweza kutoa maoni yake juu ya mfupa huu kwa haki ileile aliyo nayo profesa, mradi ajue kujumlisha.

Kuna la kale zaidi. Chini kidogo ya Ishango, kufuata Semliki, kuna Katanda. Hapo Waamerika wawili, Alison Brooks na John Yellen, walichimba na kupata vyusa vya mfupa, yaani ncha za mikuki ya kuvulia, zenye miiba ubavuni ili samaki asiponyoke. Mwaka wa 1995 walitangaza kwamba vina umri wa karibu miaka 90,000. Wataalamu wa Ulaya walishangaa, kwa maana walikuwa wamezoea kufikiri kwamba vifaa vya namna hiyo vilianza kwao, na miaka mingi baadaye. Pamoja na vyusa kulikuwa na mifupa ya kambale wakubwa (samaki, si yule mtoto wa kiume wa pili wa kila nyumba ya Wanande). Watu wale walijua majira ambayo kambale anasogea kwenye maji mafupi kutaga mayai, wakamngoja hapo.

Mvuvi wa Kyavinyonge anayatambua maneno haya bila profesa. Anajua majira, anajua maji mafupi, anajua samaki anakwenda wapi. Kazi yake ni mojawapo ya kazi za kale kabisa duniani zinazojulikana, na inafanywa bado mahali palepale. Hakuna aliyemwambia.

Kwa nini hakuna aliyemwambia? Sababu ya kwanza ni namna mbuga ilivyozaliwa. Mwaka wa 1925 Wabelgiji waliianzisha kwa jina la mfalme wao, Albert, kwa ajili ya sokwe wa milimani na kazi za wataalamu. Baadaye ikapanuliwa kaskazini, ikachukua uwanda, sehemu ya ziwa na mlima Ruwenzori. Raia waliokuwa wakiishi, wakilima na kuvua ndani ya mipaka hiyo waliondolewa ama wakawekewa masharti. Tangu siku hiyo mwenyeji aliingia katika mbuga kwa majina mawili tu: kibarua, ama mwizi wa mawindo. Jina la Virunga lilikuja mwaka wa 1969, lakini mlango ulibaki uleule. Mfupa nao ulikwenda Bruxelles, katika Taasisi ya Sayansi za Viumbe ya Ubelgiji, na huko ndiko uliko hadi leo.

Sababu ya pili ni mfuko. Wazee wa Goma na Butembo wanakumbuka hoteli ya Rwindi, kwenye barabara kubwa kati ya miji hiyo miwili, enzi za Mobutu, ambapo watalii walikunywa bia huku simba wakinguruma uwandani. Vita vya miaka ya 1990 vikaimaliza. Miaka ya karibuni ikaja Mikeno Lodge pale Rumangabo, kambi ya Bukima chini ya Mikeno, kambi ya kisiwa cha Tchegera kwenye ziwa Kivu. Ni mahali pazuri, na vijana wa Rutshuru walipata kazi humo. Lakini kibali cha kuona sokwe kilikuwa dola 400 kwa mgeni, pesa inayozidi kwa mbali mshahara wa mwezi wa mwalimu wa shule ya msingi. Nyumba zile zilijengwa zikimtazama mtu anayetua na ndege Kigali.

Na mtu huyo ni wa kuondoka. Mei 2018 Waingereza wawili walitekwa nyara kaskazini ya Goma na mlinzi aliyekuwa pamoja nao akauawa. Mbuga ikafungwa kwa watalii hadi Februari 2019. Machi 2020 ikafungwa kwa Covid. Mwezi uliofuata walinzi 12 wakauawa karibu na Rumangabo, pamoja na dereva na raia wa kawaida. Mwaka wa 2022 waasi wa M23 wakaichukua Rumangabo yenyewe. Kila mara mgeni akiondoka, mpishi anarudi nyumbani, kijana aliyefundishwa Kiingereza kwa ajili ya kuongoza watalii anakwenda kutafuta motari ya kuendesha, na wengine wanaingia msituni kuchoma makala. Hakuna biashara inayoweza kuvumilia hivyo ikiwa mteja wake ni mmoja tu na anatoka mbali.

Ng'ambo ya ziwa mambo ni tofauti kidogo. Kule Mweya, katika mbuga ya Queen Elizabeth iliyoanzishwa mwaka wa 1952, kuna wageni wa dola, lakini kuna pia wanafunzi wa Uganda wanaoletwa kwa basi na mashule yao kutazama viboko kwenye mfereji wa Kazinga. Uganda, kama Kenya na Tanzania, inamtoza mwananchi wake bei ndogo sana, kwa shilingi, na inamtoza mgeni bei yake. Wageni wakikatika kwa ugonjwa ama kwa uchaguzi wenye fujo, basi la shule bado linaweza kuja. Pesa yake ni ndogo, ni kweli. Lakini mtoto aliyepanda basi lile ndiye mbunge wa kesho atakayeulizwa kama mbuga ikatwe ama isikatwe.

Wasomaji wengi watajibu haraka: usalama uko wapi? Jibu hilo ni la haki na halipaswi kudharauliwa. Upande wa Beni, ADF wameua raia kwa mapanga na risasi tangu mwaka wa 2014. Vikundi vya Maï-Maï viko kando ya ziwa. Hakuna mzazi anayepaswa kuombwa ampakie mtoto wake kwenye gari kupita barabara ambayo hata wafanyabiashara wanaipita kwa kusindikizwa na wanajeshi. Siku ambayo njia ni mbaya, safari haipo, basi.

Ila hoja hiyo ina upande wa pili. Maelfu ya watoto hawahitaji kusafiri ili wafike: wanaishi Kyavinyonge tayari. Wanaoga katika maji yaleyale, wanaogopa viboko walewale, wanalala karibu na udongo uliotoa ule mfupa. Hatari ikiwepo wanaipata kila siku, bila kupata chochote cha uzuri wa mahali. Kuanza na hao hakungoji mkataba wa Washington wala wa Doha. Kunahitaji makubaliano kati ya ICCN na wakuu wa mashule, mlinzi mmoja anayejua kueleza, na asubuhi moja yenye utulivu. Watoto wa Butembo na Beni wangefuata barabara ikiruhusu. Wa Goma na Bukavu, wakati wao utakuja.

Kipingamizi kizito zaidi si cha bunduki. Ni cha wavuvi wenyewe na wakulima, ambao wakisikia neno mbuga wanakunja uso. Mtu aliyenyang'anywa nyavu kwa sababu alivua katika mazalio ya samaki, ama aliyeona shamba lake likifyekwa kwa sababu liko ndani ya mpaka uliochorwa na babu wa Wabelgiji, hatapendezwa na mwaliko wa kwenda kutazama tembo. Tembo amekula mihogo yake na hakuna aliyemlipa. Akiambiwa kwamba Ishango ni urithi wa dunia, atauliza dunia hiyo inakaa wapi.

Hapa watetezi wa mbuga wanafanya kosa la pili. Wanafikiri raia akielimishwa atatulia. Ziara ya shule isiwe tangazo la ICCN. Ikiwa mlinzi atawapeleka watoto kando ya mto kisha awahubirie tu kuhusu sheria na adhabu, wataondoka na kile walichokuja nacho. Lakini mlinzi akiwaonyesha mahali ambapo mtu wa miaka 90,000 iliyopita alimngoja kambale kwenye maji mafupi, anaweza kueleza kwa nini mazalio yanaachwa yapumzike, na mtoto atakwenda kuyasema nyumbani kwa lugha ambayo baba yake anaikubali. Baba huyo naye ana haki ya kujibu: je, na wale wanajeshi wanaovua usiku katika mazalio yaleyale, nani anawakamata? Mazungumzo ya namna hiyo hayamalizi ugomvi wa mpaka. Walau yanawaweka watu wawili mbele ya jambo moja, na hilo ni jambo ambalo miaka 100 ya doria haikulileta.

Kuna pia suala la mfupa wenyewe. Mwaka wa 2022 bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria inayofungua njia ya kurudisha vitu vilivyotolewa Congo wakati wa ukoloni, na mwaka huohuo mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu, kwa mkopo. Mfupa wa Ishango ulichimbwa mwaka wa 1950, miaka kumi kabla ya uhuru, katika ardhi ya Congo. Kuudai ni haki. Lakini wanaopiga kelele kuudai wajibu swali moja: ukirudi utakaa wapi? Ukikaa katika Makumbusho ya Taifa kule Kinshasa, mtoto wa Kyavinyonge atakuwa mbali nao karibu sawa na alivyo sasa, kwa kuwa tiketi ya ndege kutoka Beni kwenda Kinshasa haiko katika uwezo wa mvuvi. Ukipelekwa Butembo ama Beni leo, nani atalala mlangoni kuulinda? Kitu kilichovumilia miaka 20,000 chini ya udongo kisije kikapotea katika uporaji wa siku moja.

Kinachoweza kudaiwa leo, bila kungoja, ni nakala. Nakala nzuri ya mfupa huo si kitu cha ajabu tena. Mashine za siku hizi zinaweza kutoa mia moja zilizo sawa kabisa na wa Bruxelles, kila chale mahali pake. Ubelgiji haiwezi kusema hilo ni gumu. Moja ikae Kyavinyonge, moja Kasindi, moja Mutwanga, nyingine katika vyuo vikuu na mashule ya Butembo na Beni, na nyingine Goma. Ziandamane na kijitabu kidogo katika Kiswahili na Kinande, chenye zile safu tatu na ubishi wake wote. Wizara ya elimu nayo ingeweza kuweka ukurasa mmoja wa Ishango katika somo la historia la darasa la sita, kabla ya Stanley, ambaye kila mtoto wa Congo anamjua.

Baada ya hapo ndipo hoteli. Ikiwa siku moja Ishango itajengwa nyumba za wageni, na wawekezaji hawatakosa kupaona, kwa kuwa mandhari yale yanajiuza yenyewe, suala la bei lisiachwe hadi mwisho. Bei ya Mkongomani iandikwe kwa franka, ukutani, siku ileile ya kufungua. Vijana wa Kyavinyonge wafundishwe kuongoza wageni katika Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, kwa maana mfanyabiashara wa Kampala ama wa Bujumbura anayekuja na familia yake ni mtalii pia. Samaki wa mezani anunuliwe kwa wavuvi wenye vibali, si kuletwa katika barafu kutoka ng'ambo. Na siku moja katika wiki, nje ya msimu wa wageni, mtumbwi wa injini unaozungusha watalii uwapakie wanafunzi, kwa bei ya mafuta tu.

Asubuhi kando ya Semliki viboko bado wako kwenye mkono wa mto, na mvuvi anayerudi na samaki wake wa usiku anawahesabu kabla ya kumwita mama muuzaji. Wakati mwingine anawahesabu mmoja mmoja, wakati mwingine kwa mafungu.